Kukadiria hatari ya kujifungua kabla ya wakati kwa damu ya mama: hatua kwa hatua

Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia huhesabiwa amezaliwa kabla ya wakati. Tanzania wengi humwita njiti. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa mwaka 2020 walizaliwa watoto milioni 13.4 wa namna hii, takriban mmoja katika kila kumi. Ugumu wake ni kwamba akina mama wengi wanaofikwa na jambo hili hawakuwa na dalili yoyote wiki chache tu kabla, na mwenye mimba ya kwanza hana hata historia ya uzazi ya kurejea. Vipimo vya damu vinavyokadiria hatari mapema vilibuniwa kwa ajili ya akina mama hao.

Mwongozo huu ni wa mjamzito anayefikiria kupima, na wa mhudumu atakayemtoa damu na kumsomea jibu. Msimamo wetu tunauweka mbele: jibu la maabara lina thamani ikiwa tarehe za mimba zilikuwa sahihi kabla ya sindano, na ikiwa upo mpango wa kufuata baada ya jibu. Kimojawapo kikikosekana, fedha za kipimo hicho zingefaa zaidi kulipia ultrasaundi.

Unatafuta hatari ipi?

Uzazi wa kabla ya wakati huja kwa njia mbili. Takriban theluthi mbili huanza wenyewe: uchungu unakuja mapema, au chupa inapasuka. Theluthi inayobaki huamuliwa na madaktari kwa kuwa mimba ikiendelea mama au mtoto atadhurika, mara nyingi kwa sababu ya presha ya mimba inayoelekea kwenye kifafa cha mimba, au mtoto aliyeacha kukua tumboni. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoona njia zote mbili vizuri. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayekupendekezea kipimo ni hili: kinatafuta njia ipi?

Kwa njia ya kwanza, kinachojulikana zaidi ni PreTRM cha kampuni ya Sera Prognostics ya Salt Lake City, Marekani. Hupima protini mbili katika damu ya mama, IBP4 na SHBG, kisha huzilinganisha. IBP4 ikipanda na SHBG ikishuka, hatari inapanda. Damu hutolewa kati ya wiki 18 kamili na wiki 20 na siku 6, kwa mimba ya mtoto mmoja, mama akiwa hana uchungu na chupa yake haijapasuka. Mwenye mapacha hapimwi kwa kipimo hiki.

Kwa njia ya pili kuna vipimo vya protini za kondo la nyuma. PlGF ni protini inayosaidia mishipa ya damu ya kondo kukua. PAPP-A nayo hutolewa na kondo. Zote mbili zikiwa chini mapema, kondo huenda halikujijenga vizuri. Hupimwa kati ya wiki 11 na wiki 13 na siku 6, na peke yake hazitoshi. Utaratibu wa Fetal Medicine Foundation ya London huchanganya damu, historia ya mama, presha iliyopimwa mikono yote miwili, na mtiririko wa damu kwenye mishipa ya mfuko wa uzazi unaoonekana kwa ultrasaundi ya Dopla. Vyote huingizwa kwenye hesabu moja inayotoa jibu kama "1 kati ya 60" au "1 kati ya 900".

Kuna kipimo cha tatu ambacho watu hukichanganya na hivyo viwili: uwiano wa sFlt-1, protini nyingine ya kondo, kwa PlGF. Hiki ni cha nusu ya pili ya mimba, kwa mama ambaye tayari anashukiwa kuwa na presha ya mimba. Kazi yake ni kujibu swali la siku chache zijazo: je, anaweza kurudi nyumbani au abaki wodini? Hakimfai mama wa wiki ya 14 asiye na shida yoyote.

Cha nne bado kiko mikononi mwa watafiti. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao wa Denmark walionyesha kuwa vipande vya RNA, yaani nakala za maelekezo ya jeni, vinavyoelea kwenye damu ya mama vinaweza kukadiria umri wa mimba, na kwamba RNA za jeni chache zilitofautiana kwa waliojifungua mapema. Pemba nayo imo katika safari hii. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa sampuli za damu na mkojo za wajawazito 81 kutoka Pemba, Lusaka, Karachi, Sylhet na Matlab, ambao 39 kati yao walijifungua kabla ya wakati. Ishara zilionekana, lakini idadi ni ndogo mno kwa kipimo cha kutolewa kliniki. Mtu akikuambia ana kipimo cha RNA cha njiti tayari kwa kila mama, mwombe utafiti uliofanyika kwa maelfu.

Angalizo kwa wanaopima hospitali binafsi za Nairobi, Dar es Salaam au Ghuba: kipimo cha DNA ya mtoto kwenye damu ya mama, kinachotafuta matatizo ya kromosomu kama Down, hakikadirii uzazi wa mapema. Jibu lake kuwa zuri halikuhakikishii kufika wiki ya 37.

Hatua ya kwanza: tarehe

Makosa mengi huanzia hapa. Viwango vya protini hizi hubadilika wiki hadi wiki, na maabara hulinganisha damu yako na ya wanawake wengine wa umri uleule wa mimba. Ukiandikwa wiki 19 kumbe una 16, damu yako italinganishwa na kundi lisilo lako, na jibu litakalotoka linaweza kukutisha bure au kukutuliza bure. Mwishoni hali ni mbaya zaidi: mtoto wa wiki 38 ataitwa njiti, au njiti ataitwa mtoto mdogo tu.

Anza na siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ongeza siku 7, rudisha miezi 3 nyuma, songeza mwaka. Hedhi ya tarehe 10 Januari 2025 inatoa makadirio ya kujifungua tarehe 17 Oktoba 2025. Kwa mama huyo dirisha la PlGF na PAPP-A ni tarehe 28 Machi hadi 17 Aprili. Dirisha la IBP4 na SHBG ni 16 Mei hadi 5 Juni. Wiki 37 hutimia tarehe 26 Septemba. Andika tarehe hizi kwenye kadi ya kliniki siku ileile ya hudhurio la kwanza, maana dirisha la wiki tatu hupita upesi kwa anayekuja kliniki mara moja kwa mwezi.

Hesabu hiyo inadhani mzunguko ni wa siku 28. Aliyekuwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango, anayenyonyesha, mwenye mzunguko wa siku 35, au aliyepata damu kidogo mwanzoni mwa mimba akadhani ni hedhi, tarehe yake haiaminiki. Dawa ni ultrasaundi ya mapema. Kabla ya wiki 14 mtoto hupimwa urefu kutoka utosini hadi matakoni, na makosa yake ni siku 5 hadi 7 tu. Baada ya wiki 28 makosa yanaweza kufika wiki tatu, hivyo ultrasaundi ya mwezi wa nane haiwezi kurekebisha tarehe za mwezi wa tatu.

Tarehe ya hedhi inabadilishwa lini? Kanuni inayotumika sana ni hii: kabla ya wiki 9, ultrasaundi ikitofautiana na hedhi kwa zaidi ya siku 5, fuata ultrasaundi. Kati ya wiki 9 na 15 na siku 6, zaidi ya siku 7. Kati ya 16 na 21 na siku 6, zaidi ya siku 10. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hapo, baki na hedhi. Ukishachagua tarehe, usiibadilishe kwa kila picha mpya. Mtoto anayeonekana "amerudi nyuma wiki mbili" kwenye ultrasaundi ya pili huenda ameacha kukua, na kubadilisha tarehe kutaficha tatizo hilo.

Hatua ya pili: kuuliza kabla ya kulipa

Muulize mhudumu au maabara mambo haya, na jibu la "usijali" lisikutoshe. Damu itatolewa wiki ipi? Itachakatwa hapa au itasafirishwa, na itafika baada ya siku ngapi? Kipimo kilithibitishwa kwa wanawake wa wapi? Jibu likiwa la hatari kubwa, nitafanyiwa nini, wapi, kwa gharama gani?

Swali la tatu lina uzito kwetu. Wanawake wenye asili ya Afrika kwa wastani wana PlGF na PAPP-A za juu kuliko wanawake weupe wa Ulaya walio kwenye mimba zinazokwenda vizuri. Maabara ikitumia wastani wa Ulaya bila kurekebisha, mama wa Mwanza au Mombasa ataonekana yuko salama kuliko alivyo. Uvutaji sigara nao hupandisha PlGF, uzito mkubwa hupunguza viwango kwa kuwa damu ni nyingi, na kisukari au mimba ya kupandikizwa huvigeuza kwa namna nyingine. Ndiyo sababu fomu huuliza uzito, urefu, asili, sigara na magonjwa. Sehemu hizo zikiachwa wazi, jibu halijakamilika hata kama mashine imetoa namba.

Utakutana na kifupi MoM kwenye jibu. Maana yake ni mara ngapi ya kiwango cha katikati cha wanawake wa umri uleule wa mimba. Kiwango cha katikati kikiwa 80 na chako 40, una MoM 0.5. Kawaida ni kuzunguka 1. PAPP-A iliyo chini ya takriban MoM 0.4 huhesabiwa kuwa ya chini na humpa daktari sababu ya kufuatilia ukuaji wa mtoto kwa karibu.

Hatua ya tatu: kutoa na kuhifadhi damu

Sehemu hii ni ya wahudumu. Kufunga kula hakuhitajiki kwa kawaida. Pima uzito siku hiyohiyo. Wa kukumbuka kichwani hautoshi. Mama akae dakika 5 kabla ya kupimwa presha, miguu sakafuni, mkono ukiwa usawa wa moyo. Kwa hesabu ya wiki 11 hadi 13 hutumika presha ya wastani: chukua ya chini, ongeza theluthi moja ya tofauti kati ya juu na chini. Presha ya 120/75 inatoa 90.

Soma kwanza maelekezo ya mashine yako. Nyingine hutaka seramu, yaani damu iliyoachwa igande. Nyingine hutaka plazma kutoka tyubu ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau. Ukipeleka isiyotakiwa, maabara makini itaikataa, na isiyo makini itakutolea namba isiyo na maana. Ukihitaji zote mbili, jaza ya seramu kwanza na ya EDTA mwisho, ili dawa ya kuzuia kuganda isiingie kwenye seramu.

Safisha ngozi, acha spiriti ikauke. Mpira wa mkononi usizidi dakika moja. Sindano ya geji 21 inafaa. Nyembamba sana na kuvuta kwa nguvu hupasua chembe nyekundu. Damu ikipasuka plazma hugeuka ya waridi au nyekundu, na kwa vipimo vya RNA sampuli hiyo haifai kabisa, kwa sababu yaliyokuwa ndani ya chembe yamemwagika kwenye kile unachotaka kupima. Tyubu ya EDTA igeuze taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise. Ya seramu isimame wima dakika 30 hadi 60 kwenye joto la chumba mpaka igande, kisha izungushwe kwenye sentrifuji kwa takriban dakika 10. Ukiwahi kabla haijaganda utapata nyuzinyuzi zinazoziba sindano ya mashine. Ukichelewa saa nyingi kwenye joto, protini huanza kuharibika.

Bandika lebo mbele ya mama, yenye jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, na uandike saa ya kutoa damu. Kuandika lebo kabla ya kutoa damu, au mezani baada ya wajawazito watano kupita, ndiko kunakobadilisha majibu ya watu. Seramu iliyotenganishwa iwekwe kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 ikiwa itapimwa upesi; ikisubiri zaidi igandishwe, na isiyeyushwe na kugandishwa tena. Sampuli za utafiti huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 80 chini ya sifuri, na hapo jenereta ya akiba ni sehemu ya kipimo sawa na sindano.

Hatua ya nne: kusoma jibu

Hapa ndipo watu huumia bila sababu, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Chukua kwa mfano kipimo kinachogundua 75 kati ya kila 100 watakaojifungua mapema, na kinachowapa jibu zuri 75 kati ya kila 100 watakaofika wiki 37. Kwa vipimo vya damu vya uzazi unaoanza wenyewe, uwezo wa kiasi hiki ni mzuri. Pima wanawake 1,000 wa kawaida. Kumi katika kila mia watajifungua mapema, yaani 100. Kipimo kitawaona 75 na kuwakosa 25. Waliobaki 900 watafika wakati, lakini 225 kati yao wataambiwa wana hatari kubwa. Jumla ya waliotishwa ni 300, na watakaojifungua mapema kweli ni 75: mmoja kati ya wanne. Walioambiwa wako vizuri ni 700, na 25 kati yao watashangazwa.

Kwa hiyo "hatari kubwa" kwa mama wa kawaida ina maana kwamba watatu kati ya wanne wenye jibu kama lake watafika wiki 37. Mwambie mama kwa maneno hayo hasa. Kumwambia "umeonekana utazaa njiti" ni uongo, na mama huyo ataacha kulala.

Sasa badilisha kundi. Chukua wanawake 400 ambao robo yao watajifungua mapema, kwa mfano kwa sababu ya historia yao ya uzazi. Watakaowahi ni 100: kipimo kitaona 75, kitakosa 25. Watakaofika ni 300: 75 watatishwa, 225 wataambiwa wako vizuri. Jibu baya hapa lina ukweli wa nusu kwa nusu. Lakini tazama jibu zuri: kati ya 250 walioambiwa wako vizuri, 25 watajifungua mapema, mmoja kati ya kumi, hatari ileile ya mwanamke wa kawaida ambaye hakupima kabisa. Mama aliyewahi kujifungua kabla ya wakati asiachishwe ufuatiliaji kwa sababu ya jibu zuri la damu. Historia yake ina nguvu, na kipimo hakiifuti.

Uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF husomwa kwa namna yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, mama mwenye dalili za kushukiwa aliyekuwa na uwiano wa 38 au chini, uwezekano wa kutopata kifafa-mimba cha awali, yaani ile presha ya mimba, ndani ya wiki moja ulikuwa asilimia 99.3. Ukizidi 38, takriban asilimia 37 walikipata ndani ya wiki nne. Nguvu ya kipimo iko kwenye kumruhusu mtu arudi nyumbani, na ruhusa hiyo ni ya wiki moja. Dalili zikiendelea hupimwa tena. Angalia pia jina la mashine: 38 ni mpaka wa mtengenezaji mmoja, na kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa wajawazito waliolazwa kinatumia 40. Namba za mashine moja usizisome kwa mpaka wa nyingine.

Hatua ya tano: baada ya jibu la hatari kubwa

Kitu cha kwanza ni kupima urefu wa shingo ya kizazi kwa ultrasaundi ya ukeni kati ya wiki 18 na 24, kibofu kikiwa kitupu. Kibofu kilichojaa huibana shingo na kuifanya ionekane ndefu, na ultrasaundi ya juu ya tumbo haiioni vizuri. Chini ya milimita 25 ni fupi. Kwa mama mwenye mimba ya mtoto mmoja na shingo fupi, progesteroni ya ukeni ya miligramu 200 kila usiku hadi karibu wiki 36 hupunguza uwezekano wa kujifungua mapema. Aliyewahi kujifungua mapema na sasa shingo imefupika kabla ya wiki 24, daktari bingwa huzungumza naye pia kuhusu kushonwa shingo ya kizazi. Ile sindano ya progesteroni ya kila wiki, 17-OHPC, mamlaka ya dawa ya Marekani iliiondolea idhini mwaka 2023 kwa kukosa ushahidi kuwa inasaidia. Ukipendekezewa, uliza kwa nini.

Ikiwa hatari iliyoonekana ni ya presha ya mimba, dawa ni aspirini, na saa inakimbia. Ianze kabla ya wiki 16. Katika utafiti wa ASPRE wa mwaka 2017, miligramu 150 kila usiku hadi wiki 36 zilipunguza presha ya mimba inayolazimisha kujifungua mapema kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. WHO hupendekeza miligramu 75 kwa wenye hatari kubwa. Kuna pia utafiti wa mwaka 2020 uliowashirikisha wenye mimba ya kwanza katika nchi sita, Kenya na Kongo zikiwamo: aspirini ya miligramu 81 ilishusha uzazi wa kabla ya wiki 37 kutoka asilimia 13.1 hadi 11.6, bila kupima damu ya kukadiria hatari. Hilo tunalitaja kwa makusudi, kwa kuwa lina maana kubwa pale ambapo kipimo hakipatikani. Aspirini huanzishwa na mhudumu. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na aspirini au tatizo la kutokwa damu lazima aseme. Diclofenac na ibuprofen si mbadala wake, na zinaweza kumdhuru mtoto.

Jambo la tatu halina dawa: kupanga mahali pa kuzalia. Tafuta hospitali yenye wodi ya watoto wachanga, oksijeni na mashine ya CPAP ya kumsaidia mtoto kupumua, na ujue utafikaje usiku. Uliza kama wanatoa huduma ya kangaruu, yaani mtoto kuwekwa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, mara tu mtoto anapozaliwa. Utafiti wa mwaka 2021 uliofanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India ulionyesha kuwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 walioanzishiwa mapema, kabla hata ya hali yao kutulia, walikuwa na vifo pungufu kwa robo kuliko waliosubirishwa.

Kuhusu sindano za kukomaza mapafu ya mtoto tunasema kwa mkazo: jibu la damu la wiki ya 19 halitoshi kuwa sababu ya kuzichoma wiki ya 28. Deksamethasoni, miligramu 6 kila saa 12 kwa dozi 4, hutolewa kati ya wiki 24 na 34 pale uzazi unapotarajiwa ndani ya siku chache, tarehe zikiwa za uhakika, mama akiwa hana maambukizi, na hospitali ikiwa na uwezo wa kumtunza njiti. Utafiti wa WHO wa mwaka 2020, Kenya ikiwamo, ulionyesha zinaokoa watoto katika mazingira hayo. Ule wa mwaka 2015, ambao Kenya pia ilishiriki, ulizisambaza hadi ngazi za chini kwa kukisia nani ni njiti, na vifo vya watoto kwa ujumla vikaongezeka. Tofauti kubwa ilikuwa uhakika wa tarehe na ubora wa huduma.

Na kulala kitandani miezi mitatu? Hakujaonyeshwa kuzuia uzazi wa mapema, na hudhoofisha misuli na kuongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Punguza kazi nzito, lakini tembea.

Pasipo kipimo hiki

Zahanati nyingi hazina hata kimoja cha vipimo tulivyotaja. WHO nayo haijapendekeza vipimo vya damu vya kukadiria njiti kwa wajawazito wote. Lakini ile damu ya kawaida ya kliniki inabeba habari kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inaonyesha chanzo kinachotibika. Kaswende husababisha kuharibika kwa mimba na uzazi wa mapema. Ile ya hatua za mwanzo hutibiwa kwa dozi moja ya benzathine penicillin ya yuniti milioni 2.4, na mwenza atibiwe naye, la sivyo maambukizi yanarudi. Malaria hujificha kwenye kondo hata bila homa: SP, dawa ya kuikinga, huanza mara baada ya wiki 13, kila dozi ikipishana mwezi mmoja, angalau tatu hadi kujifungua, isipokuwa kwa anayetumia septrini. Upungufu wa damu, VVU na sukari hupimwa humohumo.

Mkojo usisahaulike. Bakteria kwenye mkojo bila maumivu yoyote huongeza hatari. Toa mkojo wa katikati: wa kwanza uende chooni, unaofuata uingie kwenye chupa safi. Wa mwanzo hubeba vijidudu vya ngozi, na matokeo yake ni mama kupewa antibiotiki za UTI asiyokuwa nayo.

Dalili zinazotangulia jibu lolote

Nenda hospitali hata kama jibu lako lilikuwa zuri: tumbo kukaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki 37, maji kutoka ukeni hata kidogo, damu, maumivu ya kiuno yanayokuja na kwenda, uzito unaosukuma chini. Kwa upande wa presha: kichwa kuuma sana, kuona nyota, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba ghafla. Mtoto kupunguza kucheza pia.

Ukifika mapokezi, sema kwanza umri wa mimba kwa wiki na siku na tarehe ya ultrasaundi ya kwanza, kisha dalili ilianza saa ngapi, kisha jibu la damu kama unalo. Beba kadi ya kliniki na karatasi ya ultrasaundi yenyewe. Picha yake kwenye simu nayo inafaa.